Kompyuta moja, wanafunzi 78: jinsi ya kutofungua kibanda umiza darasani

Siku niliyoingia kidato cha pili na projekta mkononi, walinipigia makofi kabla sijafungua mdomo. Nilikuwa nimepakua video ya dakika 11 kuhusu mkondo wa umeme: waya umechorwa mkubwa kama bomba, elektroni za njano zinakimbia ndani yake, balbu inawaka, muziki unapiga kwa mbali. Watoto 78 walitulia utulivu ambao chaki haijawahi kunipatia. Ilipoisha wakaomba, "Madam, rudisha tena!" Nikarudisha. Nikatoka pale kichwa kimevimba.

Kesho yake nikachora ubaoni betri moja na balbu mbili za aina moja, zimefuatana kwenye waya mmoja. Ipi itawaka zaidi? Zaidi ya nusu ya darasa wakasema ya kwanza. Nikamuuliza kijana mmoja wa benchi la nyuma kwa nini. "Madam, ya kwanza inakula umeme, ya pili inabakiziwa." Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Ni jibu walilokuwa nalo kabla ya video. Elektroni za njano zilipita juu yake kama mvua juu ya bati.

Mwalimu wangu mlezi, mama aliyefundisha fizikia miaka mingi kwa chaki na betri za tochi, alinisikiliza ofisini nikilalamika. Akasema tu, "Mwanangu, jana ulifungua kibanda umiza."

Kibanda umiza kila aliyekulia uswahilini anakijua: banda la mabati, mabenchi, luninga moja mbele, kiingilio, jasho. Unaingia, unaangalia, unatoka, na hakuna anayekuuliza kitu mlangoni. Wiki zote zilizobaki za mazoezi ya kufundisha nilizitumia kutafuta namna ya kutumia kompyuta ileile bila kuwa mwenye banda. Bado ni mwanachuo, mwaka wa tatu, Fizikia na Hisabati, na ajira nitaisubiri kama wenzangu. Ila nimeshafanya BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, mara mbili, ya mwisho kwenye shule ya kata wilayani Muheza, Tanga. Kama mwaka huu ni zamu yako, haya ndiyo ambayo ningependa mtu aniambie kabla sijapanda basi.

Tafuta swali kabla ya faili

Wengi wetu tunaandaa kinyumenyume. Tunaona video nzuri, tunaipakua, halafu tunatafuta mahali pa kuichomeka kwenye andalio la somo. Fungua muhtasari kwanza. Soma mada ndogo unayokwenda kufundisha, kisha jiulize: hapa watoto wana imani gani ambayo si kweli? Usiulize hawajui nini, maana orodha hiyo haina mwisho. Ulizia wanachokijua vibaya. Mwalimu mlezi atakuambia, na madaftari ya mwaka jana yatakuambia. Ukikosa vyote, waulize watoto wawili wakati wa mapumziko, usiwasahihishe, sikiliza tu.

Hapo andika swali lenye majibu matatu, na jibu moja kati ya hayo liwe lile kosa wanalolipenda. Swali likishakuwa mezani, jiulize kama chaki inatosha kulimaliza. Ikitosha, acha kompyuta kabatini. Vipindi vyangu vingi vilikwenda hivyo. Mashine sahili, kwa mfano, nilizifundisha kwa toroli la shule na kapi ya kisimani. Mtoto wa Muheza amesukuma toroli la machungwa tangu akiwa darasa la pili, ukimwonyesha video ya toroli unamdharau.

Kifaa kinapata kibali cha kuingia pale kitu kinapokuwa kidogo mno, cha haraka mno, hakionekani kwa macho, kiko mbali, au chombo chake maabara kimekufa. Umeme ndani ya waya hauonekani, kwa hiyo kompyuta ilistahili kuingia. Kosa langu lilikuwa namna nilivyoiingiza.

Wabashiri, ndipo ubonyeze

Wiki iliyofuata nilirudi kwenye balbu zilezile mbili. Safari hii niliacha video, nikachukua jaribio la kuigiza kutoka PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, ulioanzishwa mwaka 2002 na mwanafizikia Carl Wieman. Majaribio yake ni ya bure. Uzuri wake kwetu ni kwamba mengi unayapakua kila moja kama faili moja, unalifungua kwa kivinjari cha kawaida, na halidai intaneti tena. Baadhi yamekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili pia, ingawa mimi nilitumia la Kiingereza kwa sababu mtihani wao uko kwa Kiingereza na maneno hayo watakutana nayo. Nililotumia linaitwa Circuit Construction Kit: DC. Unaburuta betri, waya na balbu, unaunga, balbu inawaka. Ukipenda unaona elektroni zikitembea, na kipima mkondo kipo, hakiharibiki.

Ukilipakua usiku kwa bando la bei nafuu, zima data kabisa halafu lifungue tena. Likifunguka, unalo. Lisipofunguka, ulikuwa umehifadhi anuani tu, na utaumbuka mbele ya darasa kama mwenzangu mmoja alivyoumbuka.

Sasa utaratibu wenyewe. Swali liandike ubaoni. Kila mwanafunzi anaandika jibu lake kwenye daftari kwa kalamu ya wino, kimya, dakika mbili. Penseli hapana, penseli inafutika na historia inapotea. Kisha wafumbe macho na waonyeshe vidole kifuani: kimoja kwa jibu la kwanza, viwili kwa la pili, vitatu kwa la tatu. Vidole vya kifuani havionekani na jirani, kwa hiyo hakuna kuibia. Hesabu kwa haraka, andika idadi ubaoni. Chagua wawili wenye majibu tofauti wabishane mbele ya wenzao. Waache wabishane kwa Kiswahili. Najua sera ya lugha shuleni, lakini hoja ya mtu hutoka kwa lugha anayoiwazia, na Kiingereza mnakiandika baadaye pamoja ubaoni.

Hapo ndipo unabonyeza. Na ukishabonyeza, funga mdomo. Hili lilinishinda mara nyingi kuliko yote. Balbu zinawaka sawasawa, darasa linaguna, na wewe ulimi unakuwasha kueleza. Ngoja. Uliza, "Mmeona nini?" kabla ya "kwa nini". Yule kijana wa benchi la nyuma aliinuka akasema, "Madam, zinatembea mwendo mmoja, hakuna zinazobaki." Nikamwita aje aweke kipima mkondo mwenyewe: kabla ya balbu ya kwanza, katikati, baada ya balbu ya pili. Namba ileile mara tatu. Hakuna balbu iliyokula wala iliyobakiziwa.

Mwisho kila mmoja anaandika sentensi mbili chini ya jibu lake la mwanzo: nilidhani hivi, nimeona vile. Ukikusanya madaftari jioni unajua nani amevuka na nani bado, bila kutoa mtihani.

Kisha wape kitu halisi, hata kikikuaibisha

Usiishie kwenye skrini. Mtoto mjanja atakuambia kompyuta imepangwa iseme hivyo, na ana haki ya kusema. Nikatoa betri, nyaya na balbu mbili za tochi, nikaunga mbele yao. Balbu ya kwanza ikawaka vizuri, ya pili ikafifia.

Darasa lililipuka. "Tulisema!" Mmoja aligonga meza kama amefunga goli. Mimi jasho.

Nilichukua balbu mbili kutoka kwenye boksi moja bila kusoma maandishi madogo kwenye shingo zake. Zilikuwa za viwango tofauti, na balbu za viwango tofauti zikifuatana kwenye waya mmoja hazing'ai sawa. Hilo nililijua kwenye karatasi ya mtihani wa chuo, sikulijua mkononi. Kilichoniokoa ni kuuliza badala ya kujitetea: "Nikizibadilisha nafasi, ile inayong'aa ikawa ya pili, itatokea nini?" Wakabashiri tena, vidole kifuani. Kama wa kwanza ndiye anayekula, yule aliyefifia sasa angeng'aa. Nikabadilisha. Inayong'aa ikaendelea kung'aa ikiwa ya pili. Kumbe nafasi haikuhusika, ni balbu yenyewe. Walipotoka walikuwa bado wanabishana, na kipindi kilichofuata mwalimu wa historia alikuja kulalamika ofisini kwamba wanachora balbu kwenye madaftari yake.

Fanya jaribio lako halisi jana yake, kwa vifaa vilevile, kwenye meza ileile. Kompyuta hailingani na maabara ya shule ya kata, na tofauti hiyo uigundue ukiwa peke yako.

Mwenye banda ana fundi wake

Nikirudi kwenye kibanda umiza, nimekuja kukiheshimu kidogo. Wale wanaotafsiri filamu kwa Kiswahili, sauti zao zikiwa juu ya sauti ya filamu, ni walimu kuliko nilivyokuwa mimi siku ile. Wanasimamisha. Wanakukumbusha huyu alikuwa nani. Wanakutisha kwamba jamaa atafanya jambo sasa hivi, usipepese. Hakuna anayelala.

Kwa hiyo ukilazimika kutumia video, zima sauti yake na uisimulie wewe. Video nyingi za sayansi zina Kiingereza cha haraka cha watu wasiojua kwamba wanasikilizwa na mtoto aliyeanza kusoma kwa Kiingereza miaka miwili tu iliyopita. Mimi situmii zaidi ya dakika tatu, na ndani ya dakika hizo nasimamisha mara mbili au zaidi kwa swali. VLC, programu ya kuchezesha video, inakusaidia hapa: kitufe cha E kinasogeza picha fremu moja moja, na mabano ya mraba, [ na ], yanapunguza au kuongeza kasi. Kitufe cha E kilinifaa zaidi kuliko kifaa chochote nilichokikuta maabara, na nitakuonyesha chini kwa nini.

Soketi, waya, jua

Sasa mambo ya kazi za mikono, ambayo chuoni hakuna aliyenifundisha.

Nenda kakague chumba siku moja kabla, saa ileile ya kipindi chako. Shuleni kwetu soketi inayofanya kazi ilikuwa moja tu, maabara, nyuma ya mlango. Nilinunua ekstensheni ndefu Muheza mjini na nikaiandika jina langu kwa makapeni, maana ekstensheni shuleni ni mali ya umma. Muulize mtu wa LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, kama uniti zipo. Usicheke, kipindi changu kimoja kilikufa kwa uniti.

Projekta za zamani zina tundu la VGA, kompyuta mpya zina HDMI, na hazizungumzi bila adapta. Kompyuta yangu haikuingiliana na projekta ya shule, nikaomba laptopu kuukuu ya ofisi ya taaluma ambayo ilikuwa na VGA. Ilikuwa inadumu na chaji kama saa moja, ikiwa na hasira dakika arobaini. Ichaji ofisini mpaka ijae hata kama darasani kuna umeme.

Kuhusu mwanga, usiangazie ukuta unaotazamana na madirisha, huo ndio unaopigwa na jua. Angazia ukuta wenye madirisha, kwenye nafasi kati ya dirisha na dirisha, na yale mawili ya karibu yazibe kwa kanga. Walimu wenzangu walinipa tatu. Maandishi yawe meusi kwenye nyeupe, manene, makubwa. Halafu nenda kakae benchi la mwisho kabisa, uyasome mwenyewe. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza niligundua kwamba watoto wa nyuma walikuwa wamenivumilia wiki mbili.

Projekta ikigoma

Itagoma. Ikigoma usiwakusanye watoto 78 kuzunguka skrini ya inchi 15, mtapata vurugu na watu kumi tu wataona, wale wenye viwiko vikali.

Gawanya makundi manane ya watu kumi au tisa. Meza moja ina laptopu. Meza nyingine zina kazi tofauti za mada hiyohiyo: moja ina betri na balbu halisi, moja ina maswali ya mtihani uliopita wa NECTA (Baraza la Mitihani), moja inachora sakiti, moja inasahihisha suluhisho lenye kosa nililoliandika mimi, na kadhalika, kazi nyingine zikijirudia. Kila dakika saba kengele, makundi yanasogea. Mara nane ni dakika 56, na kwa kipindi cha mkupuo cha dakika 80 zinabaki 24 za kufungua, kusogeza mabenchi na kufunga. Kwenye meza ya laptopu aliyeshika kipanya haruhusiwi kuamua. Anayeamua ni aliye kushoto kwake, na baada ya kila jaribio wanabadilishana. Bila kanuni hiyo kijana mmoja anateka kompyuta na wasichana wanabaki kuangalia mgongo wake. Nimeona, na mara mbili ilinibidi nimwondoe mtu kwenye kiti kwa kumshika bega.

Kwa kweli zamu hizi zilinifurahisha kuliko projekta. Kama ningeanza upya ningeacha projekta kwa makamu mkuu alikokuwa ameifungia.

Simu yako ni maabara

Wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni, lakini yako unayo mfukoni, na ya mwalimu mlezi ipo.

Maabara yetu ilikuwa na kile kifaa cha kugonga nukta kwenye utepe ili kupima mwendo. Kilikuwa kimekufa siku nyingi, utepe umeliwa na panya. Nikachukua chungwa. Kwanza swali: chungwa kubwa na ndimu, vikiachiwa pamoja kutoka juu ya meza, kipi kitatua kwanza? Unajua walichojibu. Wakaachia, wakasikia kishindo kimoja, wakadai turudie, tukarudia mara sita.

Kisha tukatoka nje kwenye mwanga, maana simu nyingi kwenye giza hupunguza idadi ya fremu. Ukutani tulichora mistari ya chaki kila baada ya sentimita 5, mpaka mita moja, kwa sababu namba za rula hazionekani kwenye video. Simu niliiegemeza kwenye kiti hatua tatu kutoka ukutani, usawa wa katikati ya mistari. Ukiweka chini sana au juu sana, vipimo vinapinda. Mwanafunzi akaachia chungwa karibu kabisa na ukuta. Simu yangu inarekodi fremu 30 kwa sekunde, kwa hiyo kila fremu tatu ni sehemu ya kumi ya sekunde.

Nikaihamishia laptopu, VLC, kitufe cha E. Mtoto mmoja anabonyeza, wote wanahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, soma! Baada ya fremu tatu chungwa limeshuka karibu sentimita 5. Baada ya sita, karibu 20. Baada ya tisa, 44. Baada ya kumi na mbili, 78. Tukatoa kila moja kwenye inayofuata tukapata 5, 15, 24, 34. Nikauliza mnaona nini kwenye hizi namba, nikanyamaza. Msichana ambaye alikuwa hajawahi kunyoosha mkono akasema zinaongezeka kumi kumi. Kumi hiyo ni mwendo unaoongezeka: kila sehemu ya kumi ya sekunde chungwa linashuka sentimita 10 zaidi ya sehemu iliyotangulia, na ukiigeuza vizio ni mita 10 kwa sekunde kwa sekunde. Ni ile "g" waliyokuwa wanaikariri kama nambari ya simu ya mtu mwingine. Makundi mengine yalipata 9, mengine 10.5. Waache wapate hivyo, halafu wabishane makosa yametoka wapi. Fremu ya kuachia haionekani vizuri, hapo ndipo penye utata mkubwa, lakini usiwaambie mapema.

Kidato cha nne, kwenye mada ya mawimbi, nilitumia phyphox, programu ya bure ya Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani. Ina saa inayoanza na kusimama kwa sauti. Simu mbili, viti viwili, mita 5 kati yake kwa kipimo cha futi kamba. Mwanafunzi wa kwanza anapiga kofi karibu na simu yake: saa yake inaanza papo hapo, ya mwenzake inaanza sauti ikifika. Kisha wa pili anapiga kofi: yake inasimama papo hapo, ya kwanza inasimama sauti ikirudi. Tofauti ya saa hizo mbili ni muda wa sauti kwenda na kurudi, mita 10. Tulipata sekunde 0.029. Gawanya, unapata karibu mita 345 kwa sekunde, na joto letu la adhuhuri lilikuwa linatoa jibu la karibu na hapo hapo.

Usifanye darasani, fanya nyuma ya madarasa. Ongeza kiwango cha sauti cha kuiamsha saa, la sivyo itaanzishwa na kikohozi. Yetu ilianzishwa na jogoo wa mlinzi mara tatu.

Mitego midogo

Kabla ya kuunga laptopu kwenye projekta, funga WhatsApp. Mimi sikufunga. Katikati ya sheria ya Ohm uliibuka ukutani, kwa herufi kubwa kuliko nilizoziandaa kwa ajili ya somo, ujumbe wa mhazini wa kikoba chetu akinikumbusha marejesho ya miezi miwili. Hadi naondoka kuna kidato kilikuwa kinaniita Madam Marejesho.

Flashi ikipita steshenari ya mjini, ikague virusi kabla ya kuigusisha kompyuta ya shule. Yangu ilirudi na folda zote zimegeuka shotikati. Weka nakala mbili za kila kitu, moja kwenye simu.

Akili mnemba inakusaidia kutunga maswali haraka, ila kila swali lifanye mwenyewe mpaka mwisho. Niliomba kumi ya mashine sahili. Moja lilikuwa na faida ya kimakanika 6 na uwiano wa mwendokasi 5, na likajibu bila aibu kwamba ufanisi ni asilimia 120, wakati hakuna mashine inayovuka 100. Nilitaka kulifuta, nikaghairi, nikalipeleka darasani lilivyo: kuna kosa humu, litafuteni. Waliligundua kwa dakika nne na wakafurahi kuishinda mashine.

Usitoe kazi ya nyumbani ya "katafute Google". Kwenye darasa langu wengine wana simu ya baba inayorudi saa nne usiku, wengine hawana kabisa, na utakayemwadhibu ni yuleyule aliyekosa. Badala yake niliipakua Wikipedia ya Kiswahili kwa programu ya Kiwix, inafunguka bila intaneti, nikaiweka kwenye kompyuta ya maktaba kwa wenye maswali ya ziada. Na picha za watoto zibaki kwenye simu yako au zifutwe. Ukipiga picha daftari lenye kosa zuri ili mlijadili wote, ziba jina.

Siku mkufunzi alipokuja kunikagua umeme ulikatika dakika ya tisa. Kwa sababu swali lilikuwa ubaoni na majibu yao yalikuwa kwenye madaftari, somo liliendelea kwa betri za tochi. Aliandika kwenye fomu kwamba zana zilitumika vizuri. Sidhani aligundua kwamba kulikuwa na kompyuta.

Ukiondoka, acha vitu

Wanachuo tunakuja na vifaa vyetu, tunaondoka navyo, shule inabaki ilivyokuwa. Wiki ya mwisho nilihamishia faili zote kwenye laptopu ya taaluma, nikazipanga kwa kidato na mada, jina la kila faili likiwa ni swali lenyewe: "Balbu ipi itawaka zaidi", "Chungwa na ndimu". Nikaandika ukurasa mmoja kwa mkono wa hatua za kufuata, pamoja na onyo la balbu za viwango tofauti, nikaubandika ndani ya mlango wa kabati la maabara. Ekstensheni nikaacha pia, jina langu likiwa juu yake.

Andika na neno la siri. Nilikuwa nimefungua akaunti yangu kwenye ile laptopu ili faili zisichanganyike na za matokeo, na nikasahau kuliandika popote. Simu ya mwalimu mlezi ilinikuta Segera, basi limesimama, wauza machungwa wamejaa dirishani. "Mwanangu, kompyuta yako inaniuliza neno, na kidato cha pili wameshakaa." Nikamtajia herufi moja moja, nikishindana na honi: b ndogo, a, l, b, u. Namba mbili. Akakosea, nikarudia. Nikasikia mlio wa kompyuta kufunguka, halafu sauti yake, si kwangu tena, "Haya, kalamu za wino mezani. Fumbeni macho."